Msonobari wa Solbjørg

Huku kwetu Skjervøy setilaiti haikai juu.
Imeinama kusini, inchi chache tu kutoka mlimani,
kama mgeni anayeaga huku mkono ungali kwenye kitasa.
Ndiyo maana dishi langu halitazami mbinguni.
Linatazama mlalo, usawa wa uso wa mtu,
linapita juu ya barabara na sanduku la barua
hadi kwenye msonobari wa jirani.

King'amuzi cha kampuni nilikirudisha.
Nikaunda changu: kompyuta ndani ya kasha la redio ya zamani,
feni mbili za polepole zisimkere Eldrid,
kadi ya kunasa mawimbi iliyoletwa na boti kutoka Tromsø,
na tundu la kadi ya malipo, maana mimi si mwizi.
Siku tatu nilipiga magoti nyuma ya runinga.
Eldrid akauliza, "Unasali au unatengeneza?"
Siku ya nne picha ikaja: mtu anakaanga vitunguu kwa Kidenishi.
Tukampigia makofi.

Tangu hapo, mashindano ya skii yakiwa Asia saa tisa usiku,
mashine huamka yenyewe, hurekodi, hulala tena
kama mama mwenye mtoto mchanga.
Asubuhi, kwa mkate na jibini ya kahawia,
tunayarusha matangazo upesi upesi,
watu wanakimbia na dawa zao za meno.

Ila mashine hii huweka daftari.
Kila dakika hupima nguvu ya mawimbi na kuchora mstari.
Nami nilikuwa fundi wa injini za feri miaka thelathini na moja;
nipe mstari, nitakuambia maumivu yako wapi.
Mwaka wa kwanza, themanini na mbili kwa mia.
Wa pili, sabini na tano.
Wa tatu, upepo wa magharibi ukivuma,
mwanaskii anaganda hewani
na miraba midogo inamla uso.
Nilibadilisha waya. Nilibadilisha jicho la dishi.
Niliitukana theluji, na haikuwa na kosa.
Kisha jioni moja nikatazama mstari na dirisha kwa pamoja:
ncha ya mti ikaenda kushoto, mstari ukapanda;
ncha ikarudi, mstari ukaporomoka.
Mti ulikuwa unaandika sebuleni kwangu.

Sikuchukua msumeno. Nilichapisha ile miaka mitatu
nikavuka barabara.
Solbjørg akavaa miwani,
akafuatisha mstari kwa kidole hadi unapoishia.
"Kumbe umekua hivi?"
Nikasema, shubiri moja kwa mwaka, na zaidi.
"Jostein aliupanda siku alipoanza shule.
Sasa yuko Bergen. Simu yake ni ya Krismasi.
Sikujua kuna mtu anaupima."
Niliyokwenda kuyasema yakanikaa kooni
kama mwiba wa samaki.
"Karatasi hii," akasema, "niachie."

Siku hizi dishi jipya liko kwenye banda lake,
upande wa pili wa mti, hakuna kinacholiziba.
Waya unapita ndani ya bomba la maji ya mvua chini ya barabara;
mwingine unaingia jikoni kwake,
naye ananiambia vitunguu vya yule Mdenishi vinaungua.
Mstari wangu sasa umenyooka kama meza. Hausemi kitu.

Lakini dishi la zamani sikuling'oa.
Liko ukutani, limechomekwa kwenye tundu la pili la kadi,
halileti filamu wala habari.
"Umeme wa bure," Eldrid hunung'unika,
kisha yeye ndiye anayenikumbusha Jumapili
niandike tarakimu kwenye kipande cha karatasi
kabla sijavaa viatu kwenda ng'ambo.

Leo: arobaini na tisa.
Inashuka vizuri.