Figa la Tatu

Langoni nililipa kiingilio.
Kijana akaniandikia stakabadhi: mtu mzima, mmoja.
Sababu ya safari: kupanda mlima.
Hapakuwa na nafasi ya kuandika: naenda kwa mama.

Akainua mkoba wangu, akaguna.
"Umebeba nini, shangazi?"
Jiwe.
Akapekua kanuni, ukurasa baada ya ukurasa.
Kutoa jiwe hifadhini ni kosa.
Kuingiza? Waliozitunga hawakuwaza
kwamba atatokea mwendawazimu wa namna hiyo.

Tukaanza, mimi na Sadi Kabumbe wa Buhingu,
bunduki begani, tochi kiunoni mchana kweupe.
Ziwa likabaki nyuma yetu, halijaamka.
Njia ilipinda mara ya kwanza kwa adabu,
kisha ikasimama wima
kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

Hesabu vijito, mama alisema.
Cha tatu kina maji matamu, cha nne usinywe.
Hakusema kwamba na magoti huhesabu.
Hakusema kwamba ukishapita mianzi
hewa huuzwa kwa kibaba, na mwenye duka mchoyo.
Hatua kumi, pumzi.
Hatua saba, pumzi.
Hatua tatu, nikakaa juu ya mzizi
nikawakumbuka wagonjwa wangu wa Maweni:
miaka ishirini na sita nawaambia, "Vuta taratibu,"
kana kwamba pumzi ni kamba
na ncha ya pili nimeishika mimi.

Bondeni sokwe wakapiga mayowe.
"Wanagombana?"
"Wanasalimiana," Sadi akasema.
"Hawa wakipotezana nusu saa tu, ni msiba."

Mwaka wa kuhamishwa, mama alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Kila mtu alibeba cha maana:
kinu, kuku, mtoto, mlango.
Yeye akang'oa figa moja lingali na moto,
akalifunga kwa majani ya mgomba,
wakamcheka mpaka ufukweni.
Jiwe! Kwani huko twendako hakuna mawe?
Lilituivishia uji Mwanga, utoto wetu wote,
pamoja na matofali mawili ya kuchoma,
ndugu zake wa kambo.

Saa tisa ukungu ukapasuka
tukaukuta ukuta:
mawe yamepangwa bila udongo, urefu wa kiuno,
yamevaa ukoga wa kijivu.
"Wa kwenu?" Sadi akauliza.
Si wa kwetu.
Wetu waliukuta, hawakujua wa nani,
wakaanika ulezi juu yake.
Nikapitisha kiganja. Baridi.
Nani alihama hapa kabla ya kuhamishwa kwetu,
na yeye alibeba nini?

Hatua arobaini upande wa jua kuchwa,
ndivyo nilivyoelekezwa. Nilipiga sitini,
miguu ya mama ilikuwa mirefu, au kumbukumbu yake.
Chini ya magugu, mawili.
Meusi bado. Mvua ya miaka yote hiyo
haikuweza kuosha masizi ya bibi Kasogela.
Katikati yake mti umeota, mnene kama paja,
umeyasukuma huku na huku
kama mwamuzi anayetenganisha wapiganaji.

Nikalitoa la tatu.
Nililiwazia likikaa mahali pake kama jino.
Halikukaa. Limelika, limekuwa dogo,
limeyumba, likalala ubavu.
Hapo huwezi kuteleka hata birika.
Sadi akatazama pembeni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nikaliegemeza kwenye mti.
Sikusema neno; kuna maneno nilikuwa nimeyapanga
tangu Kigoma, yakanitoka
pale kwenye mteremko wa mwisho pamoja na pumzi.
Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo
ilikuwa imekaa, miwili, na pengo.

Tuliposhuka mkoba ulikuwa mtupu,
stakabadhi tu na chupa ya maji.
"Shangazi," Sadi akaniita kutoka nyuma,
"mbona bado umeinama?"