Mwenyeji

Nyuma ya duka la simenti la Onzima, hapa Awindiri,
kuna chumba kilichokuwa cha kuku.
Nimekipiga chokaa mara tatu; bado mvua ikinyesha
harufu yao inarudi kudai chake.
Humo nimeweka seva moja ya mtumba,
betri mbili za lori, na feni inayokoroma
kama mtoto mwenye mafua.
Mlangoni nimeandika: TUNAHIFADHI TOVUTI.

Siku ya kwanza aliingia mama na gunia la simsim.
"Mnahifadhi kwa bei gani?"
Nikamweleza. Akaitazama mashine, akanitazama mimi,
akajitwika gunia lake.
"Mwanangu, hicho unachohifadhi hakina uzito."

Kweli. Mimi ni mwenye nyumba asiye na bati hata moja.
Wapangaji wangu kumi na mmoja hawajawahi kukutana mlangoni:
sekondari moja, kwaya, wauza asali wa Koboko,
mng'oa meno, gesti ya mjomba wa Drichiru,
na Adriko seremala, mtengeneza vitanda.

Umeme wa Arua una tabia za shemeji:
huja bila taarifa, huondoka katikati ya maneno.
Ukikatika, nahesabu.
Betri ya kwanza, saa mbili.
Ya pili, dakika arobaini na dua.
Kisha jenereta ya Onzima, anayenipa kamba ya kuwashia
na bei ya petroli kwa mkono mmoja.

Usiku wa matokeo ya mtihani
mjusi aliingia kwenye saketi, akafa, akaondoka na shule nzima.
Mwalimu mkuu akapiga: "Candiru! Wazazi wanasema shule yangu imefungwa!"
Nilikuwa nimepiga magoti, tochi mdomoni,
namchokoa mjusi kwa kibanio cha nywele.
Nikajibu, "Mm-mm."
Mpaka leo anadhani nilimdharau.

Majina ya tovuti hulipiwa kwa dola, kwa kadi, kabla ya usiku wa manane.
Wapangaji wangu hulipa kwa simu:
elfu tano leo, elfu tatu asali ikikamuliwa.
Kwaya ilinilipa wimbo. Sijui niuandike safu gani ya daftari.
Binamu yangu Andama anacheka: "Watu wanafungua kurasa bure,
wewe wauza maji mtoni."
Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone,
waje wanione: wageni wamekuja, bado naumwa.
Mama aliniita Candiru kwa shida zilizompata.
Hizi zangu nimezifuata mwenyewe, kwa miguu.

Adriko alifariki mwezi wa kwanza.
Alikuwa amelipa hadi Pasaka.
Pasaka ikapita. Nikafungua ukurasa wake ili niufute:
kitanda cha mvule, kitanda cha mtoto,
kitanda ambacho mkewe amekalia ukingoni, anacheka,
miguu haifiki chini.
Na chini kabisa, kwa maneno yake:
Nipigie saa yoyote. Nikiwa napiga randa sisikii. Piga tena.

Kesho yake Asizu alikuja, mkononi simu ya kuazima.
Nikamfungulia. Akasoma kwa kidole, polepole,
kama anayetafuta kibanzi kwenye ubao.
Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mashine.
"Akiwa humo, anakula nini?"
"Umeme kidogo," nikasema,
na umeme, shemeji asiye na haya, ukakatika.

Tulikaa gizani, taa ya kijani ikipepesa.
Betri ya kwanza.
Hakuuliza bei. Sikuitaja.
Ya pili ilipoanza kulia, akajifunga kanga, akaondoka.

Kwenye daftari, jina la Adriko, safu ya deni,
nimeandika: anapiga randa.

Onzima anagonga ukuta, anataka pesa ya petroli.
Sisikii.
Agonge tena.