Masizi

Kazi yangu ni kufuta.
Saa moja asubuhi napanda jukwaa la mbao
hadi kisogo kinapokaribia dari la hekalu,
nachovya pamba katika maji na spiriti,
nafuta mbingu ya mawe
kwa upana wa kiganja, siku nzima.

Taratibu, husema fundi Wanisi,
rangi hizi zimelala miaka elfu mbili,
usiziamshe kwa kishindo.
Basi namwamsha tai unyoya kwa unyoya:
kwanza buluu, kisha nyekundu ya tofali,
kisha jicho, linalonikodolea
kama mgeni aliyezinduka usiku
asikumbuke amelala nyumba ya nani.

Chini wanapita watalii na kofia zao.
Mwongozaji anawatajia wafalme,
nani alimfukizia nani uvumba,
mungu yupi ana kichwa cha kondoo,
na akiinua macho huku juu, husonya:
"Weusi huo ni uchafu wa wanakijiji
waliowahi kuishi humu."
Wanaupiga picha uchafu.

Uchafu huo ni bibi yangu, Najafa.
Alizaliwa kati ya nguzo ya tatu na ya nne.
Tanuri lake lilikaa miguuni pa Hathori mwenye pembe za ng'ombe,
ambaye, bibi aliapa, hakulalamikia moshi hata siku moja.
Mbuzi wake alijikunia goti la mfalme.
Alichochea mabua ya mahindi na samadi kavu ya nyati,
akaoka mikate iliyoumuka juani,
akazaa saba, akazika wawili,
na lori la serikali lilipokuja kuwahamisha
alibeba mlango.
Mlango tu.
Kuta zilikuwa za miungu.

Leo nimefika pembe yake.
Naijua: doa la duara, zito, lenye mafuta,
pale moshi uliposimama miaka yote hiyo
ukitafuta pa kutokea.
Niliinusa pamba nikitarajia kitunguu.
Ilinuka spiriti.

Chini ya masizi zilikuwapo nyota,
za ncha tano tano, zimepangwa safu
kama mikate juu ya ubao.

Kanuni ya kazi yetu ni kuacha shahidi,
kipande kisichofutwa,
ili wajao waone palivyokuwa.
"Tumwache wapi?" akauliza Wanisi.
Nikaonyesha kwa kidole.
Hakuniuliza sababu. Akachora mraba kwa chaki,
mdogo kuliko nilivyotaka.

Jioni mama akapiga simu.
"Umeshafika jikoni kwetu?"
"Nimefika."
"Pakoje?"
"Pana nyota, mama. Mlikuwa mkila chini ya nyota."
Nikasikia anasogeza sufuria, anapunguza moto.
"Bibi yako alikuwa akituambia," akasema.
"Alizihesabu zote utotoni,
kabla hajazipika."