Viganja Chini ya Kamera

Blackpool, Februari. Upepo wa bahari umeibinua mvua,
inanyesha kwa ubavu.
Humu ndani hakuna saa ukutani, hakuna dirisha,
kuna zulia lenye maua yasiyoota popote duniani,
na mimi, kizibao cheusi, kibati kifuani: MONA.
Mwanaidi halikuenea.

Meza ya mwisho. Walioingia mia mbili na kumi
wamebaki wawili.
Cliff Hesketh, fundi bomba wa Preston,
aliyeokoka, asema, ndani ya gari, kwenye foleni,
ana msalaba wa mbao ukubwa wa kijiko
na kofia iliyotariziwa aya.
Mbele yake Bi. Philomena Tuohy, mstaafu wa kantini ya shule,
mkono mmoja mezani, mmoja mfukoni.
Najua kilichomo mfukoni. Nasikia punje zikigongana,
tk, tk,
kama mchele unaochambuliwa na mtu mwenye haraka.

"Zote," asema Cliff, anasukuma rundo.
"Zote," ajibu bibi, kama anayeagiza chai.
Karata zinafunuliwa. Cliff ana ree na mfalme,
yule ambaye kwetu tulimwita mzungu wa nne.
Bibi ana jozi ya tisa.
Nne nimekwisha kuzilaza mezani, hakuna iliyomfaa mtu.

Hapo ndipo Cliff anapopiga magoti.
Si kuinama, si kufumba macho: magoti, kwenye zulia,
viwiko juu ya kiti, sauti ya kufika safu ya nyuma.
"Baba, uliyemlisha Eliya kwa kunguru,
nipe ree. Na ikiwa si ree, nipe mfalme.
Watu wajue."
Nyuma ya kamba mmoja anaitikia amina, mwingine anacheka,
mpiga picha anayasogelea machozi.

Nami nimeshika furushi la karata kama aliyeshika yai.
Mimi nilizichanganya. Mimi nilizikata.
Ya tano imekaa mahali pake tangu magoti yake
yalipokuwa bado chini ya meza.
Sasa anaomba nini? Wino ubadilike?
Au anaomba iwe imekwisha kuwa,
dua inayorudi nyuma kama mtu aliyesahau mwavuli?
Na kule mfukoni, tk, tk, ombi jingine
linapanda ngazi ileile, kwa Mungu yuleyule,
wapishane wapi?
Mama angesema kamari ni kamari
hata ukiifukizia ubani.
Mama anadhani natandika vitanda hotelini.

Kanuni yataka nitupe moja kwanza, kifudifudi.
Naitupa. Hiyo haiombewi na mtu.
Kisha naigeuza ya tano.

Mfalme wa pau.

Cliff anaruka, kidole juu, juu mbinguni,
ila sawasawa juu ya kidole pana kuba jeusi la kioo,
na upande wa pili wa kioo, ghorofani, Desmond wa ulinzi
anakula mkate wa mayai.
Bi. Philomena anautoa mkono mfukoni, mtupu, anampa.
"Hongera, mwanangu."
Halafu kwangu, chini kwa chini:
"Sikuombea karata, mpenzi. Niliomba nisitetemeke."
Mezani hakutetemeka.
Alianza kwenye kifungo cha koti, cha kwanza,
kikamshinda, akaliacha wazi, akatoka hivyo hivyo mvuani.

Zamu yangu imekwisha. Kabla sijainuka
kanuni yataka nipige viganja, niviinue, nivigeuze,
kamera ione kwamba sikuficha kitu.
Nimefanya hivi mara elfu.
Asiyejua, akiniona kwa mbali, atadhani naitikia dua.
Leo vimekawia,
juu, wazi, chini ya lile jicho,
hata Desmond anauliza kwenye redio, mdomo umejaa:
Mona, kuna nini?

Hamna, nasema. Navionyesha tu.