Nilibonyeza

Kabati limesimama tangu Jumatatu
kibarazani kwa Aminieli, Pasua:
mbao za mninga zilizobaki kwenye kitanda cha harusi,
kioo cha televisheni ya marehemu shangazi,
vitufe kumi na viwili vya rangi ya pipi.
Ukivigusa vinalia ta, ta, ta,
lakini vinamlilia nani?
Nyuma yake ni tundu tupu, na panya mmoja
aliyenitazama kama mpangaji aliyelipa kodi.

Kinachokosekana ni kibodi kidogo, hakizidi kiganja:
mkalimani
wa kuyapokea maneno ya kidole
na kuyafikisha kwa mashine bila kutia chumvi.

Wapo watatu mezani kwangu.

Wa kwanza nimempasua kifua mwenyewe,
kibodi ya kuchapia, mtumba wa Kiboriloni, elfu tatu,
bado ina makombo ya mandazi ya karani wa watu.
Nimelehemu waya mpaka macho yakatoka machozi.
Kidole kimoja anasikia. Viwili anasikia.
Cha tatu anakimeza,
kisha anataja herufi ambayo hakuna aliyeigusa.
Shahidi wa namna hiyo nilimwona mahakama ya mwanzo;
mjomba wangu alikaa ndani miezi sita.

Wa pili kaja na basi kutoka Kariakoo,
mfuko wa nailoni, waya zake zimesukwa
kama nywele za mtoto wa kipaimara.
Elfu ishirini na tano.
Karatasi yake inaapa: hachelewi hata chembe.
Kwetu, anayeapa kabla hajaulizwa
tunamfungia kuku.
Nimempima. Anachelewa. Si sana,
ni kama mtu aliyeitwa jina
akamalizia kwanza kutafuna.

Wa tatu hayupo mezani, nimewadanganya.
Yuko kwenye simu yangu, picha tu,
laki moja na themanini kabla ya ushuru.
Anafundishika. Kila kidole na mlango wake,
hakuna kusukumana.
Kaka yake Shose anarudi kutoka Ujerumani Desemba
na begi lake lina nafasi, Shose anasema,
kama la soksi mbili hivi.

Aminieli hainui kichwa kwenye randa.
Huu si mchezo wa watoto? Weka huyo wa mfuko.
Nani atajua?

Nilikuwa na miaka tisa, Njoro.
Banda la bati, mashine moja, foleni ya wavulana.
Sarafu niliyoshika ilikuwa ya kununulia chumvi.
Nilibonyeza.
Yule mtu wa kijani hakuruka, akaanguka shimoni,
na mwenye banda akasema,
vidole vya wasichana vizito, haya, mwingine!
Nilibonyeza, nikamwambia.
Mwingine, akasema.

Walitufundisha asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Mkuu asiyesikia huvunjika nini
hawakutuambia.

Nyumbani nilichapwa kwa ajili ya chumvi
na sikulia, nilikuwa nahesabu
muda kati ya fimbo kunyanyuka na fimbo kufika.
Sijaacha kuhesabu. Swichi na taa.
Hodi na karibu.
Ndiyo nikawa fundi, kama mnataka kujua,
si kwa sababu ya hesabu za shule.

Basi nimeuza ile redio ya mbao,
nimemwandikia Shose: soksi mbili, asisahau.
Huyo wa mfuko nimemrudisha mfukoni.

Jioni watoto wanakuja vilevile.
Mbonea anashika mpini, anapigana na kioo cheusi,
anatoa sauti za ngumi kwa mdomo.
Nakijwa hapigani. Anabonyeza kitufe chekundu,
mara moja, taratibu,
kisha anageuka:

Fundi, imenisikia?

Bado, mwanangu.
Ila mimi nimekuona.