Kope za Kipa

Penalti ile haikuwa penalti.
Nalisema hili kwanza, tusije tukagombana.
Ambani aliugusa mpira, mpira peke yake,
yule mshambulizi wa Malava akajibwaga kama gunia
linaloshushwa kutoka kwenye trekta,
na refa, mwalimu mmoja wa Butere,
akaelekeza kidole kwenye alama ya chokaa
ambayo mvua ya Ijumaa ilikuwa imeila nusu.

Kutoka Malava hadi kwetu Lubao
tulimtafuna refa kama muwa,
pingili kwa pingili, makapi tukiyatema barabarani.
Amekula hela. Dadake ameolewa kwao.
Haoni vizuri, miwani kaiacha mezani.
Shiundu akasema ana ushahidi. Hakuwa nao.
Na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote.

Jioni, tukisubiri chai kwa kina Ambani,
Minayo, mdogo wake, darasa la tano,
aliyeketi nyuma ya goli langu mchana kutwa
na beseni lake la njugu,
akaniuliza bila ubaya wowote,
vile mtoto anavyouliza kwa nini ng'ombe hana meno ya juu:
"Kipa, mbona ulifumba macho?"

Kikombe kikanichoma vidole.
Nikasema moshi. Nikasema jua.
Jua la saa kumi na moja, nalo lilikuwa mgongoni.

Nyani haoni kundule.
Kipa naye haoni kope zake.

Usiku nikahesabu. Refa, kosa moja.
Mimi: Jumanne nilisema nina malaria
nikaenda kuijaribu pikipiki mpya ya Shiundu.
Ile kona ya dakika ya kumi, niliutema mpira
miguuni mwa adui, bahati yangu alikuwa na papara kunishinda.
Halafu macho.
Nikaelewa kelele zote zile za njiani zilikuwa blanketi,
na chini yake nilikuwa nimezilaza kope zangu mbili
zisionekane.

Asubuhi nikamwendea Minayo na ndoo ya mapera mabichi.
Hatua sita. Nitupie usoni.
Akakubali, kwa bei: shilingi kumi kila nikifumba.
Wiki ya kwanza alinunua ndala.
Wiki ya tatu akalalamika
kwamba biashara imeharibika.

Malava wakaja kwetu mwezi wa nane.
Refa ni yule yule, suruali ile ile iliyofupishwa magotini.
Tunaongoza moja bila, akapuliza: penalti.
Labda alikuwa sahihi, labda hakuwa.
Sikuangalia upande wake.
Niliangalia mpira,
tope lililogandia kwenye mshono,
nikauona ukizunguka, ukikua,
chini, kushoto kwangu.
Nikaruka macho yakiwa yamekodoka kama ya kinyonga.
Ukanigusa ncha za vidole,
ukagonga mlingoti,
ukaingia.

Wenzangu walikwisha mzingira refa,
Shiundu akiutafuta tena ule ushahidi wake.
Nikauokota mpira wavuni,
kidole cha shahada kikianza kuvimba,
nikapita katikati yao nikikimbia, mimi kipa,
hadi kwenye duara la kati.
Nikauweka chini.

"Dakika tisa," nikawaambia.
"Zimebaki dakika tisa."