Studibeka ya Ndelilio

Ilipanda Kibosho mwaka ule kahawa ilipojibu,
rangi ya mgomba ulioloa,
pua imechongoka kama risasi,
kioo cha nyuma kimezunguka sawa na cha mbele,
na wanywaji wa mbege wakaweka vibuyu chini,
wakabishana mpaka giza:
hili dude linakuja, ama linakwenda?

Ndelilio Temu hakuwajibu. Amevaa koti la sufu juani,
risiti ya ushirika mfukoni,
na kurudi nyuma hajui.
Miezi miwili ya kwanza, akitaka kugeuza,
aliteremka mpaka Moshi mjini,
akazunguka uwanja wa stesheni ya reli,
akapanda tena.

Baba yangu ndiye aliyeiosha. Miaka kumi na minne,
spana boi kwa Gurdial Singh, Barabara ya Rengua,
mkono mwembamba unaofika
panapokataa mkono wa mtu mzima.
Habari za kampuni alizipokea kwa Singa
moja moja, kama anavyopokea nati:
ndugu watano, wana wa mhunzi,
walianza na magari ya farasi, mbao na chuma;
mmoja akaenda kwenye dhahabu, asichimbe,
akawachongea wachimbaji matoroli.
Akatajirika?
Akatajirika. Wenzake waliona dhahabu,
yeye aliona migongo.

Kisha farasi wakamalizwa na moshi.
Kisha nikeli, redio, matangazo ya rangi.
Kisha vigogo wawili wa Ditroiti wakashindana kushusha bei
kama wachuuzi wa vitunguu wanaochukiana,
na aliyefunga meza
ni wa tatu, aliyeketi katikati.

Sisi huku hatukusikia kitu kikivunjika.
Tulisikia pampu ya maji.

Desemba ya kabla ya Muungano, kwao walifunga milango.
Singa alikuwa ameandika kuagiza pampu;
jibu lilikuja na stempu nzuri kuliko maneno yake.
Tunasikitika.
Baba alibandua stempu. Anayo hadi leo.
Akaunda pampu kwa bomba la trekta na ngozi ya kiatu,
gari likatembea miaka sita zaidi,
likinywa maji Karanga, likinywa tena Weruweru,
kama mzee asiyetaka kuambiwa anaumwa.

Halafu bei ya kahawa.
Halafu Ndelilio mwenyewe: mazishi mazuri, ng'ombe wawili,
watoto wanne, kila mmoja akarithi robo ya gari,
na hakuna robo iliyowaka.

Ikakaa kihambani. Kuku wakatagia kwenye siti.
Mlango mmoja ukawa mlango wa zizi,
kioo chake kinashuka bado ukizungusha mpini,
mbuzi wakachungulia
kama abiria waliokwisha lipa nauli.
Mimi nilisoma herufi za boneti nikiwa na miaka saba,
T imeanguka, K imeanguka,
nikadhani ni jina la nabii
ambaye mwalimu wa Jumapili bado hajamfikia.

Ekseli tu ndiyo haikukubali kufa.
Baba aliinunua kwa mbuzi mmoja na deni,
akaichomelea fremu, akapigilia mbao za mgrivea,
mishikio miwili mbele. Mkokoteni.
Deni alilimaliza mwaka niliomaliza shule.

Jana, mwinuko wa kwenda Kiboriloni,
nilimkuta Aminieli nao,
mikungu arobaini, shati limegandana na mgongo,
matairi mawili ya magari mawili tofauti,
na ile ekseli katikati, kimya, imeshiba grisi,
haipigi kelele hata moja.
Nilitaka kumweleza habari za wale ndugu watano,
na yule wa matoroli hasa.
Lakini mtu aliye kwenye mwinuko hasimuliwi kitu.
Nikatupa mkoba juu ya ndizi,
nikasukuma.